Gari Yako Ina Vidole Vingapi?

Hii ndo ile hotuba ya kushusha gari niliyoongea Jumapili pale tulipokutana wenye magari, wengi mmenitafuta mnasema mvua iliwazuia, basi naiweka yote kama ilivyotoka mdomoni. Picha nimezitoa maana nyingi ni za uvunguni na hazina mvuto kwa mtu asiye fundi.

Wakuu habari za asubuhi. Wazee wangu shikamooni, nawaona mmekaa kivulini, haki yenu. Vijana mambo vipi. Kina dada mliokuja na gari zenu wenyewe karibuni sana, na yule mwenye Altezza nyeupe aliyenizibia getini, gari kali sana mkuu, ila nikimaliza hapa naomba unitolee.

Nianze na swali. Wangapi hapa gari zenu zimeshushwa? Nyoosheni mikono, trafiki hayupo. Eeh, karibu wote. Sasa wangapi mlishusha kwasababu gari ilikuwa inalala sana kwenye kona? Mmoja... wawili... yule anasitasita. Na wangapi mlishusha kwasababu ilikuwa imekaa kama kuku anavuka tope? Haya, nyie ndo wenzangu, msione aibu, mimi mwenyewe nilianzia hapo hapo.

Swali la mwisho, mlipima kwa nini? Nasikia "vidole". Nilijua. Unaenda kwa fundi, unaweka vidole kati ya tairi na fenda, vinaingia vinne, unamwambia nataka viwili. Fundi na yeye anaweka vidole vyake, ambavyo ni vinene kuliko vyako, anasema poa bosi njoo saa kumi.

Ndo ninachotaka tuongee leo. Vidole vinakuambia gari inaonekanaje. Havikuambii springi imebakiwa na nafasi kiasi gani ya kucheza, havikuambii mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika tairi kutoka uvunguni, imelala vipi, havikuambii ekzosti iko wapi. Mimi nilijifunza hilo Mikumi, tena mbele ya mama yangu mzazi.

Nilikuwa na Impreza WRX, ile ya macho ya duara, ya 2001. Nikaipeleka gereji, siitaji na wala haipo tena, nikamwambia fundi vidole viwili. Hakuwa na springi fupi, alikuwa na grainda. Akakata mzunguko mmoja na nusu kila springi, shokapu zikabaki zile zile za kiwandani, jioni nikaondoka nikiwa mfalme. Mjini kwa wiki mbili nilikuwa naona raha tupu, naiangalia kwenye vioo vya maduka, mpaka siku tuliyotakiwa Iringa kwenye send-off ya binti wa mjomba. Mama kakaa mbele, nyuma wajomba wawili na shangazi, buti limejaa vitenge na sufuria. Mnajua matuta ya pale hifadhini Mikumi, yamewekwa ili tusigonge wanyama. Tuta la kwanza nikasikia krrr. La pili krrr. La tatu nikalichukua kimshazari, nikajiona mjanja. La nne likasema KWAA, na kuanzia hapo Impreza ikawa inanguruma kama lori la mkaa.

Sasa kushuka uangalie kuna nini huwezi, uko ndani ya hifadhi, na nyani wamekaa pembeni ya lami wanatuangalia kama kamati ya harusi. Mama akaniuliza taratibu kabisa: "Mwanangu, hii gari si uliinunua ikiwa nzima?"

Niwaulize, ningemjibu nini?

Kilichokatika ni bomba la ekzosti. Na hii wenye Subaru muisikie vizuri, injini zetu za boksa silinda zimelala, kwahiyo ekzosti inatokea chini ya injini na kupita pale chini. Injini kulala ndo sifa yake, uzito unakuwa chini tangu kiwandani, lakini na bomba nalo linakuwa jirani na lami. Mwenye Mark II ana injini imesimama, hesabu yake ni nyingine. Ndo maana ukiona gari ya mshkaji imeshuka sentimita sita na inatembea usikimbilie kumuiga, uliza kwanza chini yake kuna nini.

Halafu kuna la pili nililoligundua Iringa kwenye gereji. Jamaa alipopiga jeki, springi ya nyuma ikawa inachezacheza kwenye kikombe chake, ukiisukuma na mkono inazunguka. Ilikuwa imekatwa mpaka tairi ikining'inia haibanwi tena na kitu. Maana yake tairi ikiingia shimo refu kwa spidi, springi inaweza kurudi imekaa upande. Nimetoka nayo Dar nimebeba mama na wajomba. Kukata springi jamani tuache. Na wale wa kuipasha kwa gesi mpaka inakuwa nyekundu ili ilale yenyewe, hao sina hata la kuwaambia, chuma kikishapoteza ugumu wake wa kiwandani kinaendelea kulala hata ukiwa umepaki.

Sasa nihamie kwenye kitu kitamu. Mnamjua Colin McRae, yule dereva wa rally? Wazee wanatikisa kichwa. Mwaka 1997 alikuwa na Subaru Impreza ya bluu yenye maandishi ya njano, imetengenezwa na kampuni ya Prodrive kule Uingereza. Mwezi wa tatu akaja Kenya akashinda Safari Rally. Mwezi wa tano akaenda Corsica, kisiwa cha Wafaransa, akashinda na kule. Dereva yule yule, aina ya gari ile ile, msimu ule ule, miezi miwili tu katikati.

Tafuteni picha za hizo gari mbili mziweke pamoja. Ya Safari imenyanyuka, ina ngao ya chuma mbele na bomba la kuvutia hewa limepanda juu ili ikivuka maji injini isinywe. Ya Corsica imelala chini, tairi pana za lami zimejaa kwenye fenda, huwezi kuamini ni ndugu. Kenya kulikuwa na mawe, vumbi, matope, mito, na barabara zenyewe hazikufungwa, unakutana na ng'ombe na malori. Corsica ni lami tupu na kona juu ya kona.

Je, wale mafundi hawakujua kushusha gari? Walijua, Corsica waliishusha. Je, hawakutaka ishike kona Kenya? Walitaka. Lakini walianza na barabara, ndo wakaja kwenye gari. Walijiuliza tairi itapanda na kushuka kiasi gani kwenye njia hii, wakaipa hiyo nafasi, kimo kikaja chenyewe. Sisi tunaanza na kimo, alafu tunaenda kuiomba barabara msamaha.

Sasa we jiulize, barabara yako ni ipi? Siyo ile ya Jumapili tukikutana hapa, ile ya kila siku. Kutoka Tegeta mpaka Posta ni lami nzuri, sawa, lakini mita mia tatu za mwisho za kuingia kwako zikoje? Mtaa una matuta mangapi yaliyojengwa na wananchi wenyewe kwa zege la harakaharaka baada ya mtoto kugongwa? Mimi nimeyapima kwangu kwa futi kamba, jirani wakadhani nimepata tenda ya manispaa. Moja lina sentimita 11. Gari ikiwa na sentimita 10 chini, hata uwe dereva gani, pale utakwaruza.

Haya, tuje kwenye springi kucheza, hapa naomba utulivu kidogo, hata yule wa mishkaki.

Chukua mfano wa hesabu nyepesi. Gari ya kiwandani imesimama, shokapu ya mbele tuseme ina milimita 80 za kubonyea kabla haijalalia vizuri ile raba iliyovaa kwenye shafti, tunaiita bamp stopu. Ukaweka springi fupi kwa milimita 45, shokapu zile zile. Umebakiwa na ngapi? Thelathini na tano! Asante mwalimu. Sentimita tatu na nusu, ndo zimeze shimo, kubreki, kona na abiria wanne. Zikiisha gari inakaa juu ya raba, na ikikaa juu ya raba huna springi tena, una jiwe. Ikitokea umenyooka utaumia mgongo tu. Ikitokea katikati ya kona, tairi za mbele zinaachia ghafla na unaenda kusalimia mtaro.

Ndo maana springi fupi inayoeleweka inakuja na ugumu kidogo, na inashusha milimita 20, 25, basi 30. Watu wanazidharau, "bro umeweka springi mbona haijashuka?" Imeshuka! Imeshuka kiasi ambacho shokapu bado inapumua. Na shokapu nayo iwe nzima, ukiweka springi mpya ngumu kwenye shokapu iliyotembea kilomita laki na nusu gari itaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Na wenye koilova, zile shokapu na springi za pamoja unazorekebisha kimo mwenyewe, msicheke. Koilova ziko za namna mbili, ziangalie kabla hujatoa hela. Kuna za kushusha kwa kuzungusha kikombe cha springi, hiyo kila milimita unayoshusha unaikata kwenye ile nafasi ya kubonyea. Na kuna ambazo mguu wa chini unazunguka wenyewe, mwili wa shokapu unaingia ndani ya mguu, springi huigusi, na nafasi yako inabaki. Hizi za pili ndo za kununua. Nyingi za Impreza utakuta springi zake zina ugumu wa kilo 6 mpaka 8 kwa milimita, yaani uzito wa kuibonyeza milimita moja, imechapwa hapo hapo kwenye springi, isome. Lakini hata hizi nzuri zina mtego, zinakuruhusu kushuka mpaka chini kabisa. Na mtu akishaona nati inaendelea kushuka, anashusha.

Hapo ndo namkumbuka kijana mmoja wangu, yupo hapa leo, amenikataza kumtaja. Ana Impreza ya 2006, koilova safi, tairi nzuri mpya, siyo zile za mtumba tunazookotaokota. Akaishusha vidole havipiti. Alafu akaja kwangu analalamika, mbele haigeuki, akikata usukani gari inaenda moja kwa moja alafu inalala kuliko ilivyokuwa kiwandani. Anataka stabilaiza nene, kile chuma cha kuzuia gari isilale, anataka springi za kilo 10. Nikamwambia usinunue kitu, niachie masaa mawili.

Simameni wote tafadhali. Simameni, hata wazee kama magoti yanaruhusu. Nyoosheni mikono pembeni. Mabega yenu ndo bodi ya gari, mikono ni ile mikono ya chini ya saspensheni, viganja ndo tairi. Shusheni viganja viwe chini kidogo ya mabega, hiyo ndo gari ya kiwandani. Sasa mkono wa kulia pandisheni taratibu kuelekea usawa wa bega. Kiganja kinaenda wapi? Kinaenda nje, mbali na mwili. Endeleeni kupandisha mpaka juu ya bega. Sasa kinaenda wapi? Kinarudi ndani! Mmeona?

Kaeni. Hiyo ndo siri yote ya gari zenye saspensheni ya MacPherson, ile ambayo juu tairi inashikwa na shokapu yenyewe na chini na mkono, na Impreza mpaka ya 2007 ni MacPherson mbele na nyuma. Mkono ukiwa umeelekea chini, gari ikilala kwenye kona, chini ya tairi panasukumwa nje, tairi inajitahidi kukaa bapa kwenye lami. Ukishusha gari mpaka mkono umepita usawa, mambo yanageuka, gari ikilala chini ya tairi panavutwa ndani, tairi inasimama kwa ukingo wa nje. Umenunua tairi ya upana wa milimita 225 unatumia 80. Na siyo hiyo tu. Kuna nukta haionekani ambayo bodi inalala kuizunguka, mafundi wanaiita rol senta, na hiyo ukishusha gari inashuka haraka kuliko bodi yenyewe. Zinavyozidi kuachana, uzito unapata mwiko mrefu wa kuisukuma bodi ilale. Kwahiyo umeshusha gari ili isilale, na imelala zaidi. Nani alikwambia hiyo gereji?

Basi yule kijana nikampandishia milimita 25, mikono ikaelekea chini kidogo, nikarudisha alaimenti, yaani kunyoosha tairi, basi. Tukaenda kwenye uwanja uliofungwa ambapo huwa tunapanga koni. Akazunguka raundi tatu, akashuka kimya, akaniuliza "umebadilisha na nini kingine?" Sijabadilisha kitu. Wiki nzima alikuwa ananiangalia kama nimemroga.

Wapo wa kuniambia kuna bol jointi ndefu, ile jointi ya kwenye ncha ya mkono wa chini, za kurekebisha hiyo. Zipo, ni nzuri, nimefunga. Ila hizo ni za mtu anayejua kwanini anashuka, siyo za kuficha dhambi.

Na mnajua kushuka kwenyewe kunakupa nini? Tupige hesabu tuache ushabiki. Gari ya kilo 1,400, kitovu cha uzito kipo nusu mita kutoka chini, upana tairi kwa tairi mita 1.48, unapita kona kali kweli, nguvu ya 0.9 ya uzito wa gari. Uzito unaohama kutoka tairi za ndani kwenda za nje ni kama kilo 426. Ishushe milimita 30, inakuwa kama kilo 400. Umeokoa kilo 26, nusu mfuko wa saruji. Sisemi ni ndogo, kwenye mashindano nusu mfuko ni kitu. Lakini usiuze nafasi yote ya springi ili ununue nusu mfuko wa saruji, wakati umevaa tairi za miaka nane iliyopita.

Mengine nayapitia haraka maana jua limepanda. Ukishashusha, alaimenti ni lazima, na usiende siku hiyo hiyo, acha springi zikae kidogo alafu uende. Kemba, ile ya tairi kulala kwa juu kwenda ndani au nje, inasingiziwa sana kula tairi, mlaji mkubwa ni tou, ile ya tairi kuangalia ndani au nje, na ukishusha gari inahama yenyewe bila kugusa chochote. Pili, pima gari ikiwa imebeba watu wako wa kawaida. Mimi yangu nimeshusha milimita 25, nikiwa na familia kitu cha chini kabisa uvunguni kipo milimita 125 kutoka lami, na hapo ndo mwisho wangu kwa barabara zangu. Mwenye barabara nyingine atakuwa na mwisho mwingine.

Tatu, na hili nimeliona likiua gari nyingi bila mtu kujua. Bushi. Zile raba zimeshikana na chuma ndani na nje, hazizunguki, zinajinyonga. Fundi mmoja mzuri tu, mkono wake naukubali, alikuwa anafunga bolti zote anakaza gari ikiwa juu ya jeki, tairi zinaning'inia. Ukishusha gari chini, bushi zote zimeshajinyonga hata kabla hujatembea. Miezi minne zimechanika, mteja anarudi anasema koilova mbovu. Kaza mwisho gari ikiwa imekanyaga chini kwenye kimo chake. Kama hapafikiki, weka jeki chini ya mkono unyanyue mpaka kimo kile kile. Mwambieni fundi, kwa heshima, msimfundishe kazi mbele za watu.

Sasa vidole tunaviweka mfukoni. Nimekuja na futi kamba tatu na kipima upepo. Kwanza jazeni tairi upepo sawa pande zote, alafu gari zipaki hapa kwenye zege maana huko kwenye mchanga tutadanganyana. Unapima kutoka katikati ya habu, pale kati kati ya rimu, mpaka ukingo wa fenda, siyo kutoka juu ya tairi, maana tairi ikipungua upepo au ukibadilisha saizi kipimo kinakudanganya. Pembe nne zote, andika kwenye simu. Alafu mmoja ataingia uvunguni, aniambie mikono imelala vipi na cha chini kabisa ni nini.

Nani anaanza? Altezza nyeupe, anza wewe, ili na mimi nitoke.